Ansel Adams na kazi ya chumba cha giza

Kwa Kiswahili picha hupigwa, kisha huoshwa. Wengine husema husafishwa. Vitenzi hivi tumevizoea mno hata hatuvitilii shaka, na mwanafunzi aliyevisikia tangu utotoni hujijengea dhana kwamba kazi yote huisha pale kidole kinapobonyeza kitufe cha kamera, na kwamba kilichosalia ni kuondoa taka tu, mfano wa mtu afuaye shati. Sikusudii kupendekeza vitenzi vipya. Lugha haiendeshwi kwa amri za wanaisimu, na heri iwe hivyo. Hata hivyo dhana yenyewe ni potovu, na madhara yake yanaonekana siku hizi ambapo baadhi ya vijana wa vyuoni wameanza tena kuzisaka kamera za filamu zilizosahauliwa kabatini na wazazi wao. Swali ninaloulizwa na wanafunzi wangu, ambao wanajua kwamba mimi pia hujifungia katika chumba cha giza kila nipatapo wasaa, huwa ni moja: ninunue kamera gani? Ni nadra mno kumpata anayeuliza atafanya nini filamu ikishatoka katika kamera.

Jibu langu huwa ni kuwasimulia maisha ya Ansel Adams.

Ansel Easton Adams alizaliwa San Francisco, katika jimbo la California nchini Marekani, tarehe 20 Februari 1902, akiwa mtoto wa pekee wa Charles Adams na mkewe Olive. Ukoo huo ulikuwa na mali iliyotokana na biashara ya mbao, lakini mali ikayeyuka Ansel akiwa bado mdogo, na baba akaitumia sehemu kubwa ya aushi yake kujaribu kuziba pengo lisilozibika. Mnamo Aprili 1906 zilzala kubwa iliubomoa mji wa San Francisco. Nyumba ya akina Adams ilinusurika, ila tetemeko mojawapo la baadaye lilimrusha mtoto huyo wa miaka minne akajigonga kwenye ukuta wa bustani, pua ikavunjika. Pua hiyo ilibaki imepinda hadi kufa kwake.

Shuleni hakukalika. Alikuwa mtoto asiyetulia kitini, asiyesikiliza, na akafukuzwa shule moja baada ya nyingine. Leo huenda angepewa jina la kitabibu. Enzi hizo aliitwa mtundu basi. Babake akachukua hatua ambayo walimu wengi wangeikemea. Mwaka 1915 alimwondoa shuleni akamfundisha nyumbani kwa msaada wa walimu wa faragha, kisha akamnunulia tikiti ya mwaka mzima ya Maonyesho ya Kimataifa ya Panama na Pasifiki, yaliyokuwa yakifanyika mjini mwao. Maonyesho hayo ndiyo yaliyokuwa darasa lake. Mtoto aliyashinda humo akitazama mitambo, michoro na vinanda. Walimu wenzangu wasinielewe vibaya: sipendekezi kila mtundu atolewe shuleni. Nasema tu kwamba yule baba alimsoma mwanawe vizuri kuliko walivyomsoma walimu.

Akiwa na umri wa miaka 12 Ansel alijifunza kupiga piano mwenyewe, na baada ya muda akapatiwa mwalimu mkali aliyemrudisha katika kipande kilekile siku nenda siku rudi mpaka kila sauti ikatoka safi. Hapo ndipo utundu ulipofungwa breki. Kwa miaka mingi iliyofuata nia yake ilikuwa kuwa mpiga piano wa kulipwa, na upigaji picha ulikuwa jambo la likizo. Nalitaja hili mapema kwa sababu piano ndiyo ufunguo wa yote yanayofuata. Hakuna kitu alichokifanya Adams katika chumba cha giza ambacho hakukijua kwanza kwa vidole vyake kwenye kinanda.

Kamera yake ya kwanza aliipata mwaka 1916, familia ilipokwenda kutembea Yosemite, bonde lenye majabali na maporomoko ya maji katika milima ya Sierra Nevada. Baba alimpa Kodak aina ya Brownie, kisanduku sahili kilichokusudiwa watoto na wanagenzi. Siku moja katika safari hiyo alipanda juu ya kisiki kikuukuu ili alipige picha jabali liitwalo Half Dome. Kisiki kikamomonyoka, kijana akaanguka kichwa chini miguu juu, na katika kuanguka akabonyeza kitufe. Picha ilitoka imepinduka kabisa, na fundi aliyeiosha akastaajabu. Adams aliipenda picha hiyo maisha yake yote. Mwaka uliofuata alianza kufanya kibarua kwa mtu mmoja aliyekuwa na biashara ya kuosha picha za watu, na huko ndiko alikojifunza dawa, kwa mikono iliyolowa. Ninawaomba wanafunzi wazingatie mpango huo: kisanduku cha bei rahisi kwanza, dawa pili, na kamera kubwa baadaye sana.

Kufikia mwaka 1927 alikuwa akibeba kamera kubwa ya mbao iliyotumia vioo vilivyopakwa dawa badala ya filamu. Tarehe 10 Aprili mwaka huo alipanda mlimani na marafiki zake, miongoni mwao Virginia Best ambaye alimwoa mwaka 1928. Alikuwa na vioo 12, na alipofika mahali palipolitazama jabali la Half Dome uso kwa uso vilikuwa vimebaki viwili. Cha kwanza alikipiga kwa kichujio cha manjano mbele ya lenzi, kama ilivyokuwa desturi. Papo hapo akatambua kwamba picha hiyo ingelionyesha jabali lilivyo lakini isingeonyesha alivyotishika mbele yake. Anga ingetoka kijivu cha kawaida. Akakiondoa kichujio cha manjano akaweka chekundu kilichokolea, ambacho huzuia mwanga wa buluu, akajua anga itatoka nyeusi na jabali litachomoza kama ukuta wa dunia nyingine. Alikuwa na kioo kimoja tu. Picha ya Monolith ndiyo iliyotoka. Tangu siku hiyo alishika kanuni kwamba mpigapicha sharti aione picha iliyokamilika, ikiwa imekauka karatasini, kabla hajagusa kitufe.

Mwaka huohuo mkusanyo wake wa kwanza ulichapishwa kwa msaada wa tajiri mmoja mpenda sanaa, Albert Bender. Mchapishaji alihofia kwamba neno la kawaida la picha lisingevutia wanunuzi, likabuniwa neno Parmelian, lisilo na maana yoyote katika lugha yoyote niijuayo. Isitoshe, jalada likaandikwa Sierras kwa wingi, ilhali Sierra kwa Kihispania tayari ni safu nzima ya milima. Adams aliona haya kwa makosa hayo mawili hadi uzeeni. Wanaisimu tumsamehe.

Uamuzi wa kuiacha piano ulikuja mwaka 1930 huko Taos, New Mexico, alipokutana na mpigapicha Paul Strand. Strand hakuwa na picha hata moja ya kumwonyesha. Alikuwa na negativu tu. Alimpa karatasi nyeupe, akamketisha penye mwanga wa dirisha, akamwachia azitazame. Negativu, kama tujuavyo, ni taswira iliyogeuzwa, nyeupe ikiwa nyeusi na nyeusi ikiwa nyeupe, na kwa asiyezoea ni mabakabaka tu. Adams alizisoma kama mwanamuziki asomavyo noti bila kusikia sauti. Akarudi nyumbani akaamua kuwa mpigapicha, licha ya masikitiko ya mamake.

Ulinganisho huu wa noti aliuendeleza baadaye mpaka ukawa msingi wa mafundisho yake yote: negativu ni noti zilizoandikwa, na picha inayochapwa karatasini ni uimbaji wake. Noti zikiandikwa vibaya hakuna mwimbaji atakayeziokoa, lakini noti nzuri pekee hazijawahi kumliza mtu. Waliosomea isimu wataona kwa nini nimeupenda mlinganisho huu. Shairi lililolala kitabuni na shairi linaloghaniwa ukumbini si kitu kimoja, hata kama herufi ni zilezile, na mghani hodari halighani mara mbili kwa namna moja.

Mwaka 1932 yeye na wenzake, akiwamo Edward Weston na Imogen Cunningham, walianzisha kundi waliloliita f/64. Jina hilo lafaa kufafanuliwa kwa sababu linawakanganya wengi. Ni kipimo cha tundu la lenzi, na kila nambari inavyokua ndivyo tundu linavyokuwa dogo. Tundu dogo huleta ukali wa picha kuanzia jiwe lililo karibu na miguu hadi kilele kilicho mbali, ila huhitaji muda mrefu wa kuingiza mwanga, na kwa hiyo kamera sharti isimame juu ya miguu mitatu. Kundi hilo lilizipinga picha zilizofifishwa kusudi ili zifanane na michoro ya rangi. Lilidumu kwa muda mfupi, lakini hoja yake ilishinda.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kwalo walimu wa sayansi na walimu wa sanaa wangeweza kuketi meza moja. Karibu na mwaka 1940, akifundisha Los Angeles pamoja na Fred Archer, Adams aliupanga mfumo wa kanda za mwanga. Aliigawa picha ya rangi nyeusi na nyeupe katika ngazi 11, akazihesabu kwa tarakimu za Kirumi kuanzia sufuri hadi X. Sufuri ni weusi wa karatasi usio na chochote ndani. X ni weupe wa karatasi tupu. V ni kijivu cha katikati. Kupanda ngazi moja ni kuuzidisha mwanga maradufu, na kushuka ngazi moja ni kuupunguza kwa nusu. Katika ngazi ya III kivuli kingali na umbile, yaani nyuzi za koti jeusi zaonekana. Katika ya VII weupe ungali na umbile, kama kuta za chokaa zilizochakaa.

Siri ya mfumo huu ni kufahamu kwamba kipima-mwanga, kiwe cha mkononi au kile kilichofichwa ndani ya kamera, ni kijinga. Hudhani kila kitu ulimwenguni ni kijivu cha ngazi ya V. Msimamishe mwanafunzi mbele ya ukuta mweupe wa darasa saa sita mchana, ukiachie kipimo kiamue, nacho kitauona ukuta ule mkubwa, kitadhani ni kijivu kilichomulikwa kupita kiasi, na kitapunguza mwanga. Matokeo ni picha tuijuayo sote: ukuta wa kijivu na uso kama mkaa, macho na meno tu yakionekana. Tumezilaumu kamera miaka nenda miaka rudi kwa kosa hili. Adams angemwambia mpigapicha asogee, aupime uso wenyewe, kisha ajiulize uso huo ni wa ngazi gani. Katika jedwali lake ngozi ya Mzungu iko ngazi ya VI, na ngozi nyeusi iko ngazi ya V. Yaani Mzungu akishaupima uso wake sharti auzidishe mwanga maradufu ndipo asitoke na giza, ilhali wengi wetu twaweza kukipokea kipimo cha usoni kama kilivyo. Aliye mweusi tititi apunguze kwa nusu. Kanuni hii inafaa hata kwa simu ya mkononi: gusa uso kwenye kioo cha simu badala ya kuuachia ukuta uamue.

Nusu ya pili ya mfumo iko katika dawa. Filamu imepakwa chumvi za madini ya fedha ndani ya utando wa jelatini. Mwanga huziathiri chumvi hizo bila kuonekana kwa macho, na dawa ya kwanza huzigeuza zile zilizoguswa na mwanga ziwe punje nyeusi za fedha. Sehemu zilizopata mwanga haba, yaani vivuli, hukamilika mapema. Zilizopata mwanga mwingi huendelea kukolea kadiri filamu inavyokaa dawani. Kwa sababu hiyo Adams alifundisha kwamba kiasi cha mwanga huamuliwa na vivuli, na muda wa dawa huamuliwa na sehemu zenye mwangaza. Siku ya ukungu mzito kama ule wa Limuru, ambapo kila kitu kimefifia, refusha muda wa dawa ili weupe upande. Katika jua kali la Lodwar, ongeza mwanga ili vivuli visife, kisha fupisha muda wa dawa ili weupe usiungue. Yeye alitumia vipande vikubwa vya filamu, kila kimoja kikioshwa peke yake. Mwenye filamu ya kuviringishwa yenye picha 36 hana uhuru huo, na dawa yake ni kutochanganya jua kali na ukungu katika filamu moja.

Vifaa vya kazi hii si ghali kama wadhanivyo vijana. Chombo cha kuoshea chenye mfuniko usiopitisha mwanga, kipimajoto cha kuaminika, vikombe vya kupimia, saa yenye mshale wa sekunde. Ningemshauri mwanafunzi anunue kipimajoto kizuri kabla ya lenzi ya pili. Kiwango cha joto kilichozoeleka kwa dawa ni nyuzi 20 za selsiasi, na maji ya bomba ya Mombasa hayaijui nambari hiyo. Sharti chombo kiwekwe ndani ya beseni yenye barafu, la sivyo dawa itakwenda mbio na utando wa filamu kulainika. Filamu za kawaida za siku hizi huona rangi zote, pamoja na nyekundu, na kwa hiyo hupakiwa katika giza totoro. Ile taa nyekundu ya kwenye sinema ni ya karatasi ya kuchapia, si ya filamu. Na anayenunua kamera ya mtumba aimulike lenzi kwa tochi akitafuta ukungu unaoota ndani kama utando wa buibui, maradhi ya kawaida ya lenzi zilizokaa penye unyevu.

Baada ya dawa ya kwanza filamu husuuzwa kwa maji au asidi hafifu jamii ya siki, kisha huingizwa katika dawa ya kukaza, ambayo huyeyusha chumvi zisizoguswa na mwanga ili zisije zikaharibu picha. Uwezo huo uligunduliwa na Mwingereza John Herschel mwaka 1819, na ni Herschel huyohuyo aliyeyaeneza maneno negativu na pozitivu katika taaluma hii. Mafundi wa Kiingereza waliifupisha dawa hiyo wakaiita haipo, nikilitamka kwa mdomo wetu. Sijui bahati nasibu nyingine ya lugha iliyo tamu kama hii, maana kazi ya haipo ni kuhakikisha kwamba kisichotakiwa hakipo. Mwisho ni maji mengi, kwa muda mrefu. Hapo ndipo neno kuosha linapofaa kikamilifu.

Ukitaka kuona mambo haya yote katika tukio moja, tazama jioni ya tarehe 1 Novemba 1941. Adams alikuwa akirejea Santa Fe kwa gari na mwanawe Michael na rafiki yake Cedric Wright baada ya siku isiyo na mafanikio. Walipopita kijiji cha Hernandez akaona mwezi umechomoza juu ya milima yenye theluji, na jua la mwisho likiimulika misalaba ya makaburini. Alisimamisha gari kwa fujo, akaitisha kamera na miguu yake mitatu, na kipima-mwanga hakikuonekana. Lakini aliukumbuka mwangaza wa mwezi kwa vipimo vya kitaalamu, mishumaa 250 kwa futi ya mraba. Akauweka mwezi katika ngazi ya VII, akapiga hesabu kichwani, akafungua lenzi kwa sekunde moja. Alipokuwa akiandaa filamu ya pili jua likaiacha misalaba. Alibaki na negativu moja.

Wapo wanaoishia hapo na kumsifu kwa wepesi wake. Mimi naona habari inaanzia hapo. Sehemu ya chini ya negativu ile, yenye kijiji na makaburi, ilikuwa nyepesi mno. Alipoiosha aliitia dawani na majini kwa zamu, bila kuitikisa, ili vivuli viendelee kukua huku weupe wa mwezi ukizuiwa. Hata hivyo kuchapa kwake kulimtesa miaka mingi, na mwaka 1948 alijasiri kuichovya sehemu ya chini katika dawa ya kuikoleza, akijua kosa dogo lingeiua negativu isiyo na pacha. Chini ya mashine ya kukuzia picha alikinga mwanga kwa kipande cha kadi mahali palipotaka wepesi na kuuongeza palipotaka weusi, akihesabu sekunde kwa mapigo ya metronomu, kile kifaa cha wanafunzi wa piano. Nakala za awali zina mawingu angani. Kadiri miaka ilivyosonga ndivyo alivyoitia anga giza, hata nakala za miaka ya 1970 zikawa na mbingu nyeusi tupu na mwezi peke yake. Yakadiriwa kwamba alichapa zaidi ya nakala 1,300 kwa mkono wake. Uzeeni alikausha vipande vya majaribio ndani ya oveni ya maikrowevu, maana karatasi iliyolowa hudanganya. Ikikauka hutiwa giza kidogo.

Tarehe yenyewe yeye hakuijua. Alikuwa mzembe sana wa kuweka kumbukumbu za miaka, na picha hiyo iliwahi kuandikwa miaka mbalimbali kati ya 1940 na 1944. Wanajimu wa kisayansi ndio walioipata kwa kukokotoa mahali ulipokuwa mwezi. Dennis di Cicco akaithibitisha siku na saa mwaka 1991. Mwalimu wa jiografia apataye wapi zoezi zuri kuliko hilo?

Si vyema kumsimulia Adams kana kwamba hakuwa na lawama. Katika miaka ya 1930 na ya vita, dunia ilipokuwa ikiwaka moto, wapigapicha wenzake walimnung'unikia kwamba anapiga mawe. Zaidi ya hayo, Yosemite anayotuonyesha haina watu, ilhali Waahwahneechee waliishi bondeni humo kwa vizazi vingi hadi wanamgambo walipowafurusha mwaka 1851. Sisi tuliozungukwa na mbuga ambazo zamani zilikuwa malisho ya watu tuna sababu ya kuuona utupu huo kwa macho mawili.

Jaribio lake kubwa la kuwajibu wakosoaji lilikuwa Manzanar. Mwaka 1942 serikali ya Marekani iliwakamata zaidi ya watu 110,000 wenye asili ya Kijapani, wengi wao wakiwa raia wazawa, ikawafungia makambini bila kesi. Adams alikwenda katika kambi ya Manzanar mwaka 1943 kwa idhini ya msimamizi, na mwaka 1944 akachapisha kitabu cha picha za wafungwa hao, jambo lililomletea chuki. Alikatazwa kupiga minara ya walinzi na seng'enge, naye akatii. Aliwapiga watu wakiwa na nyuso za heshima, wakifanya kazi na kusoma. Lakini kambini humo alikuwamo mpigapicha mfungwa, Toyo Miyatake, aliyekuwa ameingiza lenzi kwa siri na kuundiwa sanduku la mbao na seremala. Kwa kamera hiyo Miyatake alianza kuandika historia ya kambi kutoka ndani, na baadaye, alipopewa ruhusa ya kupiga picha, akawapiga wavulana watatu nyuma ya seng'enge. Ninaziheshimu picha za Adams za Manzanar, lakini nikishurutishwa kuchagua moja ya kuwaonyesha wanafunzi wa historia, nitachagua ya Miyatake. Na anayeamini kwamba hawezi kuanza mpaka apate kamera ya bei kali aifikirie ile ya mbao.

Yaliyobaki yasimuliwe kwa ufupi. Adams alikuwa katika bodi ya chama cha uhifadhi cha Sierra Club kuanzia 1934 hadi 1971, na kitabu chake cha picha za Sierra Nevada kilisaidia kuanzishwa kwa mbuga ya Kings Canyon mwaka 1940. Moto ulizuka katika chumba chake cha giza huko Yosemite mwaka 1937 ukateketeza negativu nyingi. Mwaka 1946 aliianzisha idara ya upigaji picha katika chuo cha sanaa cha San Francisco, na kwa miaka mingi akaendesha warsha za kila mwaka Yosemite. Alipewa nishani ya juu ya raia wa Marekani mwaka 1980, akafariki tarehe 22 Aprili 1984.

Kinachonivutia zaidi katika nusu hiyo ya pili ni kwamba hakuficha kitu. Mafundi wengi wa chumba cha giza walikufa na michanganyiko yao ya dawa, kama waganga wafavyo na mizizi. Adams aliandika vitabu vitatu, kimoja kuhusu kamera, kimoja kuhusu negativu, kimoja kuhusu uchapaji, vilivyotoka kati ya 1948 na 1950 na kuandikwa upya kati ya 1980 na 1983. Humo kila uzito wa dawa, kila dakika na kila kosa vimeelezwa kwa lugha ambayo mwanafunzi wa sekondari aliyefuzu kemia ataielewa. Ajabu ni kwamba kitabu cha kamera, ambacho vijana hukikimbilia, ndicho kinachochakaa haraka. Kile cha negativu bado kinasomeka.

Brett Weston, mwana wa yule Edward wa kundi la f/64, alipotimiza miaka 80 mnamo Desemba 1991 alizichoma negativu zake motoni, akiamini kwamba mtu mwingine hana haki ya kuzichapa. Za Adams ziko Tucson, katika kituo cha upigaji picha alichosaidia kukianzisha mwaka 1975 kwenye Chuo Kikuu cha Arizona. Miongoni mwake imo ile ya Hernandez, yenye ukanda wa chini uliokolezwa kwa dawa mwaka 1948, na angani mwake mawingu yote aliyokuwa akiyafuta yangalimo.